UZI: Waaymara wa ziwa Titicaca si "Wainka wa Bolivia". Tuongee lugha yao na lugha jirani, zilizo hai na zilizomezwa

Mpanda Mlima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Machu Picchu, magofu ya Wainka kule Peru, kuna mdau aliandika kwamba Waaymara ni "Wainka wa Bolivia", lugha ni ileile, tofauti ni jina tu. Akapigiwa makofi. Nilipobisha nikaambiwa nisiharibu uzi wa watu, nikafungue wangu. Haya, huu hapa.

Naweka hoja mezani mapema ili mwenye kubisha ajue anabishia nini: kule kwenye milima ya Andes lugha na damu havikutembea pamoja. Wengi wanaoongea Kiaymara leo wametokana na watu wa lugha nyingine kabisa. Na wengi wanaoongea Kiquechua, lugha iliyoenezwa na dola ya Inka, kusini mwa Peru na katikati ya Bolivia, mababu zao waliongea Kiaymara. Ukiuliza "nani mwenyeji" kwa kufuata lugha, utalizunguka ziwa lile mpaka uchoke.

Ziwa lenyewe ni Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo kwenda kusini kuna uwanda mpana, mkavu, wenye baridi isiyoruhusu mahindi kustawi ovyo. Watu wanaishi kwa viazi, mbegu za kinoa, na mifugo ya llama na alpaka. Usiku wa mwezi Juni viazi huachwa nje vigande, mchana hukanyagwa kwa miguu maji yatoke, na baada ya siku kadhaa vinakuwa chuño, viazi vyepesi vyeusi vinavyokaa ghalani miaka bila kuoza. Dola ya Inka ililisha majeshi yake kwa chuño.

Waongeaji wa Kiaymara kwa jumla ni kama milioni 2. Wengi wako Bolivia, kuanzia La Paz na El Alto hadi Oruro. Peru, sensa ya 2017 ilihesabu kama 450,000, wengi wao mkoa wa Puno. Chile wako kaskazini kabisa, Arica na Iquique na vijiji vya milimani kama Putre, ila huko wengi wanaojitambulisha kuwa Waaymara lugha imeshawatoka mdomoni.

Sasa jina. Wahispania walipofika miaka ya 1530, pale ziwani hapakuwa na taifa lililojiita Waaymara. Walikuwepo Walupaqa, makao yao Chucuito. Walikuwepo Waqulla wa Hatunqolla, Wapacaje, Wacharca, Waqaraqara, kila kundi na mabwana wake, na Walupaqa na Waqulla walikuwa wakipigana wao kwa wao kabla Inka hajaja kuwaweka wote chini. Walioitwa Aymara walikuwa watu wengine, mbali kaskazini kwenye bonde la Apurímac, mahali ambapo hadi leo pana wilaya inayoitwa Aymaraes. Na huko leo wanaongea Kiquechua! Makarani na mapadri ndio waliolichukua jina la watu wa huko wakalibandika kwenye lugha nzima.

Nitaendelea na Wajaqaru, Wauru, Wapuquina na waganga wa Kallawaya. Maswali ruksa.

Dereva wa Usiku

Naweka kambi. Mkuu usije ukatukimbia katikati kama yule wa uzi wa Zimbabwe Kuu.

Chalii wa Sakina

Kwanza mkuu hongera. Pili, hebu nikubishie. Nimeangalia maneno ya Kiaymara na Kiquechua, mbona yanafanana mno? Tatu ni *kimsa* huku na *kimsa* kule. Kumi ni *tunka* huku na *chunka* kule. Vitenzi vinajengwa kwa kubandika viambishi mwishoni, pote pote. Sauti za kulipua kooni wanazo wote. Ukiniambia hizo si lugha za mama mmoja nitataka ushahidi, siyo maneno ya "wataalamu wanasema".

Mpanda Mlima

Chalii, swali lako ni zuri na wanaisimu wamelipigania muda mrefu. Rodolfo Cerrón-Palomino, Mperu, aliandika juu ya pande zote mbili akizitazama pamoja kwa jina moja la mchanganyiko, "Quechumara", bila kulazimisha kwamba zilizaliwa tumbo moja.

Ushahidi uko hivi. Kama robo ya msamiati wa lugha hizi mbili unafanana. Lakini unafanana *mno*, yaani neno ni lilelile karibu herufi kwa herufi. Lugha zilizotoka kwa mama mmoja zamani sana hazifanani namna hiyo. Sauti huwa zimepinda kwa mpangilio. Halafu ukienda kwenye vile vitu ambavyo lugha haviazimi kirahisi, ufanano unakatika. Mimi, wewe, yeye kwa Kiaymara ni *naya, juma, jupa*. Kwa Kiquechua cha Cusco ni *ñuqa, qan, pay*. Hapo hakuna undugu unaoonekana.

Hizo namba ulizotaja ndizo zinazonipa raha. Kwa Kiaymara: *maya, paya, kimsa, pusi, phisqa, suxta, paqallqu, kimsaqallqu, llätunka, tunka*. Tazama saba na nane: *pa-qallqu*, *kimsa-qallqu*. Ndani yake kuna "mbili na qallqu", "tatu na qallqu". Maana yake zamani tano ilikuwa *qallqu*, kisha *phisqa* iliyo sawa na ya majirani ikaisukuma nje, na ile ya zamani ikabaki imejificha ndani ya saba na nane. Sisi wenyewe sita, saba na tisa ni za Kiarabu, nane ni yetu ya Kibantu, na hakuna anayesema Kiswahili ni Kiarabu kwa ajili ya hizo tatu. (Wapo wanaosema, lakini tuwaache.)

Sauti za kulipua kooni nazo: Kiquechua cha Cusco na Bolivia wanazo, cha katikati ya Peru hawana. Wanazo walewale waliokaa jirani na Kiaymara. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Waaymara walipohamia Kiquechua walikuja na koo zao.

Mwl. Kinyongo

Ndugu mwanzisha uzi, hapo umeeleweka. Ila unasema Waaymara hawakutokea Titicaca? Maana kila picha ya Tiwanaku, yale magofu ya mji wa kale karibu na ziwa, ninayoiona wamesimama pale na bendera yao ya mirabaraba. Evo Morales mwenyewe Januari 2006, siku moja kabla ya kuapishwa, alikwenda Tiwanaku akavishwa mavazi ya kimila. Ina maana rais alikosea mlango?

Mpanda Mlima

Mwalimu, shikamoo. Rais hakukosea mlango kisiasa. Kihistoria mlango ule una wenye nyumba kadhaa.

Anza na kijiji kimoja kinaitwa Tupe, kwenye milima ya Yauyos, mkoa wa Lima. Si karibu na Titicaca hata kidogo, ni mamia ya kilomita. Pale watu mia kadhaa wanaongea Kijaqaru, na jirani yao Cachuy kulikuwa na namna nyingine ya lugha hiyo, Kikawki, ambayo imebaki kwa wazee wa kuhesabika. Kijaqaru ni ndugu wa damu wa Kiaymara: *jaqi* ni mtu, *aru* ni lugha, huku na kule. Mmarekani Martha Hardman alianza kuishughulikia mwaka 1959 na ndiye aliyeifanya dunia ya isimu iitambue vizuri.

Ukikuta mashina yote mawili ya ukoo, moja Lima na jingine Titicaca, na katikati ya njia, Ayacucho hadi Cusco, majina ya mito na vilima bado yanasomeka kwa Kiaymara ingawa watu wanaongea Kiquechua, basi unajua lugha ilitoka kaskazini-magharibi ikashuka. Mwanaisimu Alfredo Torero aliiweka asili yake pwani ya kusini ya Peru na milima iliyo juu yake. Wengi wanaihusisha safari yake na dola ya Wari, iliyotamba kati ya takriban mwaka 600 na 1000. Kufika ziwani ni baadaye.

Sasa Tiwanaku ilijengwa na kustawi kabla ya hapo, kwa hiyo wajenzi wake waliongea nini? Wanaisimu wengi wanaelekeza kidole kwa Kipuquina. Mwaka 1575 gavana mkuu Francisco de Toledo aliitaja rasmi kuwa miongoni mwa lugha tatu kuu za nchi: Kiquechua, Kiaymara na Kipuquina. Tatu! Leo ya tatu haipo. Maandishi yake tuliyo nayo ni machache sana, kubwa likiwa sala na mafundisho ya dini kwenye kitabu cha padri Jerónimo de Oré kilichochapwa Naples mwaka 1607. Waliobaki waligeuka taratibu kuwa Waaymara au Waquechua. Hawakufa wala kuhama.

Na hapa ndipo mkono wa Kanisa ulipoingia. Baraza la maaskofu la Lima la 1582 hadi 1583 liliamua Wahindi wafundishwe kwa lugha zao, na mwaka 1584 kikatoka kitabu cha kwanza kuchapwa Amerika ya Kusini, mafundisho kwa Kihispania, Kiquechua na Kiaymara. Kipuquina kikaachwa nje ya mtambo. Kisha Mjesuiti Mwitalia, Ludovico Bertonio, akakaa Juli kwa Walupaqa na mwaka 1612 akatoa kamusi ya Kiaymara ambayo hadi leo haijapitwa kwa mengi. Lugha yenye kamusi, sarufi na sala zilizochapwa, na nyingine haina. Padri aliyepangiwa kijiji cha Wapuquina alijifunza kipi? Kilichokuwa kwenye kitabu.

Mshambaa Halisi

Umesema waganga wa Kallawaya halafu ukawaruka. Rudi hapo.

Mpanda Mlima

Narudi. Wakallawaya wako Charazani na vijiji vyake, kaskazini ya La Paz, kwenye miteremko inayoshuka kutoka barafu hadi misitu. Kutokana na hiyo miteremko wanapata mitishamba ya kila tabianchi. Ni waganga wa kutembea. Zamani walikwenda kwa miguu hadi Argentina na Peru yote, na mfuko wa dawa begani. UNESCO iliwatambua mwaka 2003.

Nyumbani wanaongea Kiquechua, wengine Kiaymara, na Kihispania. Lakini kwenye kazi yao wanaume wana lugha ya pembeni, anarithi mtoto wa kiume au mwanafunzi wa uganga. Sarufi yake, yaani viambishi na mpangilio, ni ya Kiquechua. Mizizi ya maneno mengi ni Kipuquina. Yaani ile lugha ya tatu ya Toledo imebaki kama siri ya kazini.

Mshambaa Halisi

Sasa hapo umenigusa. Sisi kwetu Usambara tunao Wambugu. Wana namna mbili za kuongea: ya kawaida, ambayo Mpare ataisikia kwa sababu iko karibu na Chasu, na ya ndani, ambayo wenyewe wanaiita Kima'a. Sarufi ni ileile, ngeli zilezile, lakini maneno ya ndani mengi ni ya Kikushi. Nimekaa na Wambugu utotoni, wakitaka usisikie wanabadilisha maneno tu, mwendo wa sentensi ni uleule, na wewe umekaa hapo umetumbua macho.

Mpanda Mlima

Mkuu, umenipokonya tonge mdomoni. Kima'a na Kikallawaya hukutwa kwenye ukurasa mmoja katika vitabu vya isimu vinavyozungumzia lugha mseto, ni mifano miwili mashuhuri. Mseto wa namna hiyo hautokei kwa bahati. Watu wanapohamia lugha ya wakubwa lakini hawataki kujimaliza, wanabaki na maneno yao ndani ya mifupa ya lugha mpya.

Bi Mwanakombo

Mimi naomba kuuliza kuhusu wale wa visiwa vya matete. Mwanangu alinionyesha video, wanaishi juu ya majani yanayoelea. Hao nao ni Waaymara?

Mpanda Mlima

Bi Mwanakombo, shikamoo. Leo wanaongea Kiaymara, ndiyo, wale wa Uros karibu na mji wa Puno. Lakini asili yao ni Wauru, watu wa maji, wavuvi na wawinda ndege, ambao Waaymara wenye mashamba na mifugo waliwadharau kupita kiasi. Wahispania walipopanga kodi, waliwaandika Wauru kama maskini na kuwatoza kidogo. Nathan Wachtel, mwanahistoria Mfaransa aliyekaa nao sana, anaonyesha jinsi Mwuru aliyepata ardhi na llama alivyoingia kwenye daftari la Waaymara, na watoto wake hawakurudi nyuma. Kwa hiyo "Mwuru" likawa jina la umaskini kama lilivyokuwa jina la kabila. Nani angetaka kubaki nalo?

Waliokataa kumezwa ni Wachipaya, kwenye uwanda wa chumvi wa Oruro kando ya mto Lauca, karibu na mpaka wa Chile. Nyumba zao ni za mviringo, za udongo wenye majani. Hawazidi sana elfu moja au mbili, na Kichipaya wanakiongea mpaka watoto. Wamezungukwa na Waaymara pande zote. Ndugu zao wa ziwa Poopó, Wauru-Murato, walipoteza lugha, na mwaka 2015 wakapoteza ziwa lenyewe. Lilikauka, samaki wakafa, vijana wakaenda kuvunja chumvi na kutafuta vibarua migodini.

Dereva wa Usiku

Dah. Ziwa lizima?

Mpanda Mlima

Lizima. Maji ya mito yanayolilisha yanachotwa kwa mashamba na migodi, jua linazidi, na ziwa halikuwa na kina. Maji hurudi kidogo mvua zikiwa nzuri, lakini uvuvi wa zamani haujarudi.

Wa Kisauni

Wazee, mimi naingia na ile ya mitandaoni. Eti Waaymara wakati uliopita uko mbele na ujao uko mgongoni. Ni kweli ama ni zile stori za wazungu wakienda kwa watu na kurudi na maajabu?

Mpanda Mlima

Ni kweli kuliko stori nyingi za namna hiyo. *Nayra* ni jicho, ni mbele, na pia ni zamani. *Qhipa* ni nyuma, na pia ni baadaye. *Nayra mara* ni mwaka uliopita. Maneno peke yake yasingetosha, maana hata sisi tunasema mtu "ametangulia" kumbe amepita zamani. Rafael Núñez na Eve Sweetser, kwenye utafiti wao wa 2006, walitazama mikono. Wazee wa Kiaymara wasiojua Kihispania vizuri, wakisimulia mambo ya zamani, mkono unakwenda mbele. Ya kesho, unatupwa nyuma ya bega. Vijana waliozama kwenye Kihispania mikono yao inafanya kama yetu. Lugha bado wanayo, ila mwili umeshahama.

Na inaendana na jambo jingine ambalo mimi naliona zito zaidi. Kwa Kiaymara huwezi kusimulia bila kuonyesha umejuaje. Kuna umbo la kitenzi la mtu aliyeshuhudia na umbo la aliyesikia au kuambiwa. Wana msemo: ukiona ndipo useme nimeona, hujaona, usiseme nimeona. Mgeni anayesimulia mambo ya vitabuni kwa umbo la shahidi anaonekana muongo. Ya jana umeyaona, basi yako mbele ya macho. Ya kesho nani kayaona?

Pia wana "sisi" mbili. *Jiwasa* ni mimi pamoja na wewe ninayekuambia. *Nanaka* ni sisi, wewe haumo. Fikiria hotuba za wanasiasa wetu zikilazimishwa kuchagua moja.

Wa Kisauni

😂😂 Hapo kwa "sisi" mbili mheshimiwa atanyamaza jukwaani.

Lakini bado naona kuna kuremba. Kila lugha ndogo ikipata mzungu mmoja wa kuipenda inageuzwa ya ajabu.

Mpanda Mlima

Hilo nakuunga mkono, tena Kiaymara kimeumia kwa kupendwa vibaya. Mbolivia mmoja wa karne ya 19, Emeterio Villamil de Rada, aliandika kuthibitisha kwamba Kiaymara ndiyo lugha ya Adamu, na bustani ya Edeni ilikuwa Sorata. Sorata, kwa taarifa yenu, ndiko alikozaliwa yeye. Miaka ya 1980 mhandisi Iván Guzmán de Rojas akatengeneza programu ya kutafsiri iliyotumia Kiaymara kama daraja kati ya lugha nyingine, akiamini mantiki yake ni safi mno. Huyo wa pili alikuwa mtu makini na mtambo ulifanya kazi, simcheki. Ila wakati wote huo wa sifa, mtoto wa Kiaymara shuleni alikuwa anafundishwa kwa Kihispania na kuonewa aibu na mwalimu.

Bi Mwanakombo

Na hao watu walikubali tu kutawaliwa? Sijaona ukitaja vita.

Mpanda Mlima

Hawakukubali, Bi. Mwaka 1781 Julián Apaza, mfanyabiashara mdogo wa majani ya koka na vitambaa, alijiita Túpac Katari na kuuzingira mji wa La Paz kwa miezi, kuanzia Machi, akasukumwa, akarudi tena Agosti. Tazama jina lenyewe: alichukua Túpac kwa Túpac Amaru aliyeasi upande wa Cusco, na Katari kwa Tomás Katari wa Chayanta. *Amaru* ni nyoka kwa Kiquechua, *katari* ni nyoka kwa Kiaymara. Yaani alijipa majina ya maasi yote mawili. Mke wake Bartolina Sisa aliongoza vikosi, na dada yake Gregoria Apaza pia. Katari aliuawa Novemba 1781 kwa kuvutwa na farasi wanne. Bartolina alinyongwa tarehe 5 Septemba 1782, na ndiyo maana tarehe hiyo ni siku ya wanawake wa asili duniani.

Baada ya hapo ni orodha ndefu, nitapita haraka: uasi wa Zárate Willka mwaka 1899, shule ya Warisata iliyoanzishwa 1931 na Mwaymara Avelino Siñani pamoja na mwalimu Elizardo Pérez, ikasambaratishwa na serikali ndani ya miaka kumi, mapinduzi ya 1952 yaliyowapa kura wasiojua kusoma, chama cha wakulima CSUTCB mwaka 1979. Víctor Hugo Cárdenas akawa makamu wa rais 1993, Morales rais 2006.

Mwl. Kinyongo

Na sasa katiba yao inasemaje kuhusu lugha? Nasikia wana lugha rasmi zaidi ya thelathini. Sisi tuna moja na nusu na zinatushinda.

Mpanda Mlima

Katiba ya 2009, ibara ya 5: Kihispania pamoja na lugha 36 za wenyeji, zote rasmi, na kila serikali itumie angalau mbili. Nendeni mkaisome orodha ile pole pole. Kiaymara kimo, Kiquechua, Kiguaraní. Kiuru-Chipaya kimo. Lugha ya Wakallawaya imo. Na Kipuquina kimo! Lugha isiyo na mtu wa kuiongea nyumbani ni lugha rasmi ya taifa. Wengine wanacheka. Mimi sicheki, naona ni kuomba radhi kwa njia ya sheria, japo mwombwa radhi hayupo.

Wa Kisauni

Hapa ndio nakataa. Sheria haiongeleshi mtoto. Hapa Kenya katiba ya 2010 imesema dola itakuza lugha za wenyeji, na watoto wa Nairobi wanaongea nini? Lugha haifi kwa kukosa ibara. Inakufa mama akiona itamnyima mwanawe kazi.

Mpanda Mlima

Nakubali nusu. Bolivia mtumishi wa umma anatakiwa ajue lugha moja ya wenyeji, na wengi wamesoma kozi ya kupata cheti halafu basi. Hiyo nusu ni yako.

Nusu yangu ni El Alto. Huu ni mji ulio juu ya La Paz, zaidi ya mita 4,000, uliojaa watu waliohama vijijini, na ni mji wa Waaymara kuliko mji mwingine wowote. Radio San Gabriel, iliyoanza 1955, inatangaza kwa Kiaymara kutoka huko: habari, matangazo ya vifo, bei za mazao. Wafanyabiashara wa pale wana pesa, na wanajengewa majumba ya rangi kali na Freddy Mamani, fundi aliyegeuka msanifu majengo, yanayoitwa *cholet*. Mama wa sketi pana na kofia ya duara anaagiza makontena kutoka China huku anapigiana simu kwa Kiaymara. Ibara haikumfanya aongee. Biashara, jamaa na mtaa vimemfanya aongee. Wajukuu wake wanaelewa na kujibu kwa Kihispania, hilo silifichi.

Mtandaoni pia wapo. Vijana wa El Alto wa kikundi cha Jaqi Aru wametafsiri habari za tovuti ya Global Voices kwa Kiaymara, kama wenzetu wanavyozitafsiri kwa Kiswahili kwenye jukwaa hilohilo. Na Mei 2022 Google walipoongeza lugha 24 kwenye mtambo wao wa kutafsiri, Kiaymara na Kiquechua viliingia siku moja na Kiganda na Kilingala.

Mdau wa Machu Picchu

Nimesoma uzi wote kimya kimya kwa sababu ni mimi ninayesemwa. Sasa nauliza swali moja tu. Kama Cusco majina ya vilima ni ya Kiaymara, na Waquechua wa kusini mababu zao waliongea Kiaymara, basi Wainka nao je? Si wametoka hapohapo Cusco? Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Mpanda Mlima

Karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri. Umefika karibu na ukweli ukitokea upande usiofaa.

Mwaka 1551 Juan de Betanzos, mkalimani Mhispania aliyeoa binti wa ukoo wa kifalme wa Inka, aliandika historia ya Wainka kama alivyoipata kwa shemeji zake. Ndani yake kuna wimbo mfupi wa ushindi wa Inka Yupanqui dhidi ya Wasora, ulioimbwa na wanawake wa Cusco. Ukijaribu kuusoma kwa Kiquechua hausomeki. Cerrón-Palomino aliusoma kwa Kiaymara, ukafunguka: Inka mwana wa Jua, amewashinda Wasora, amewavika vishada. Garcilaso de la Vega naye, mwana wa binti wa ukoo wa Inka, aliandika kwamba watawala walikuwa na lugha yao ya pekee isiyojulikana na raia. Cerrón-Palomino anaona hiyo ni mabaki ya Kipuquina.

Anavyoipanga yeye, ukoo wa Inka ulitoka kusini, upande wa ziwa, ukiongea Kipuquina. Ulipofika Cusco ukakuta Kiaymara, ukakiongea vizazi kadhaa, wimbo ule ukatungwa humo. Baadaye, dola ilipopanuka kaskazini, Kiquechua kikachukuliwa kiwe lugha ya utawala. Na ndicho walichokieneza, tena hadi mahali ambapo hakikuwepo. Mfalme wa Inka Huayna Cápac alipotaka mahindi ya kulisha jeshi, alihamishia bonde la Cochabamba wafanyakazi wapatao 14,000 kutoka kila pembe. Leo Cochabamba ni ngome ya Kiquechua. Wahispania wakamalizia kwa migodi ya Potosí, ambako Waaymara waliopelekwa zamu za lazima walichanganyika na wengine na kurudi na Kiquechua, kama walirudi.

Kwa hiyo mkuu, hukusema kwamba Wainka wa mwanzo huenda waliongea Kiaymara. Ulisema Waaymara ni Wainka. Walupaqa waliotekwa na jeshi la Cusco wangekushangaa.

Mdau wa Machu Picchu

Sawa, lakini kisiwa cha Taquile kiko katikati ya Titicaca na wanaongea Kiquechua. Hao nao utaniambia walipelekwa na nani?

Mpanda Mlima

Taquile na Amantaní viko upande wa rasi ya Capachica, na rasi hiyo ni ya Kiquechua. Mji wa Puno ndio mpaka: kaskazini yake kuelekea Juliaca Kiquechua kinatawala, kusini yake kuelekea Chucuito, Juli na Desaguadero ni Kiaymara. Waqulla wa zamani walikuwa upande huo wa kaskazini, na kwao Kipuquina, Kiaymara na Kiquechua vimepishana kama wapangaji. Sokoni Puno utamkuta mama wa Taquile na mama wa Chucuito wanapatana bei ya sufu, kila mmoja na lugha yake, na wakikwama wanaingia Kihispania.